Pumzi Inayokatika Usiku na Siri ya Barakoa

Wahenga walisema usingizi ni ndugu ya mauti, na wengi wetu hudhani hayo ni maneno tu ya kuwatisha wavivu. Lakini kwa wagonjwa ninaotaka kuwaeleza habari zao hapa, undugu huo ni wa kweli kabisa. Mtu analala, anakoroma kama trekta, mara kimya! Kifua kinapanda na kushuka lakini hewa haipiti. Sekunde kumi, ishirini, pengine karibu dakika nzima. Halafu anashtuka, anavuta pumzi kwa kishindo na kuendelea kukoroma. Asubuhi ukimwuliza hakumbuki lolote. Anachojua ni kwamba ameamka akiwa amechoka kuliko alivyolala.

Ugonjwa huu madaktari huuita apnia ya usingizi. Si kurogwa, wala si ulafi wa chakula cha usiku kama majirani wanavyopenda kusema. Tunapolala misuli hulegea, hata ile ya koo. Kwa wengine koo ni jembamba tangu mwanzo, au shingo ni nene, au taya la chini limerudi nyuma. Basi ulimi na kaakaa laini, yaani ile nyama iliyo mwisho wa dari ya kinywa penye kimio, huanguka nyuma na kuziba njia ya hewa. Ubongo ukihisi hatari humwamsha mtu kidogo tu, koo likafunguka, halafu mchezo ukaanza upya.

Madaktari huhesabu pumzi inakatika au kupungua sana mara ngapi kwa saa. Kwa mtu mzima, chini ya mara 5 hawana wasiwasi. Kuanzia 5 hadi 15 ugonjwa ni mdogo, 15 hadi 30 ni wa wastani, na 30 kwenda juu ni mkali. Ebu piga hesabu: mara 30 kwa saa, kwa saa saba za usingizi, ni mara 210 kwa usiku mmoja! Watafiti walitoa makadirio mwaka wa 2019 kwamba watu wa umri wa miaka 30 hadi 69 walio na ugonjwa huu duniani wanakaribia bilioni moja. Wengi wao hawajui kwamba wanao.

Mimi niliujua kwa sababu ya mjomba wangu. Yeye ni dereva wa lori, hubeba mizigo kutoka Mombasa hadi Malaba, na tunaishi ploti moja, ukuta mmoja tu unatutenganisha. Kukoroma kwake kulikuwa mzaha wa ploti nzima mpaka siku utingo wake alipomwona amefumba macho huku lori linatembea, karibu na Salama kwenye barabara ya Mombasa. Utingo alipiga kelele, usukani ukashikwa, Mungu akasaidia. Tajiri wake aliposikia habari hiyo alimwambia asiguse lori tena mpaka alete barua ya daktari. Karo ya binamu zangu wawili iko juu ya lori hilo, kwa hiyo mnaweza kuelewa kwa nini nyumba zote mbili zilikosa amani.

Hospitalini alilazwa usiku mmoja akifungwa nyaya kichwani na kifuani, wakahesabu, wakamkuta na mara 41 kwa saa. Akaandikiwa mashine ya kusukuma hewa. Familia ilichanga, na pesa zenyewe si haba, mashine ikanunuliwa. Wiki tatu baadaye ilikuwa imerudishwa katika boksi lake, chini ya kitanda. Mjomba alisema, "Mpwa wangu, hiki kitu ni cha kumnyonga mtu, si cha kumponya."

Sasa hapa ndipo makala yangu inapoanza hasa, maana shida haikuwa mashine. Shida ilikuwa barakoa.

Kwanza tuijue mashine yenyewe. Ilibuniwa na daktari mmoja wa Australia aitwaye Colin Sullivan, mjini Sydney, mwaka wa 1980. Kabla ya hapo tiba ya uhakika kwa mgonjwa mahututi ilikuwa kumtoboa koo mbele ya shingo ili apumulie hapo. Sullivan aliwaza: kama koo linajifunga kwa kulegea, kwa nini tusilijaze hewa likasimama wima, kama vile tairi linavyosimama likijazwa upepo? Akachukua mota ya mashine ya kufyonzea vumbi, akaigeuza isukume badala ya kufyonza, akaunganisha mrija hadi puani mwa mgonjwa. Mwaka wa 1981 alichapisha habari za wagonjwa watano katika jarida la Lancet. Angalieni jambo moja: hewa hiyo ilipitia puani tu. Barakoa za mwanzo zilifinyangwa kwa umbo la pua ya mgonjwa mwenyewe, na kila usiku zilibandikwa kwa gundi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza taabu ilikuwa namna ya kuifikisha hewa usoni bila kuvuja.

Nguvu ya hewa hiyo hupimwa kwa sentimita za maji. Ukitaka kuihisi, jaza chupa maji, tumbukiza mrija wa soda hadi kina cha sentimita 10, kisha pulizia. Pale mapovu yanapoanza kutoka, umesukuma kwa nguvu ya sentimita 10 za maji. Mashine nyingi hufanya kazi kati ya sentimita 4 na 20. Si nguvu ya kupasua mtu, lakini ni hewa inayokuja usiku kucha bila kupumzika.

Neno barakoa nalo lina safari yake. Zamani katika pwani yetu lilikuwa vazi la kufunika uso wa mwanamke. Mwaka wa 2020 Korona ikaja na sote tukalivaa neno hilo pamoja na kitambaa chake. Barakoa ninazozisema mimi ni za plastiki na mpira laini wa silikoni, zina mikanda ya kuzunguka kichwa na mrija wa kuziunganisha na mashine. Ziko za aina tatu kuu. Kuna ya pua peke yake, iliyo kama pembetatu ndogo. Kuna ya pua na mdomo pamoja, kubwa, inayoanzia juu ya pua hadi kidevuni. Halafu kuna ile isiyofunika kitu, ila ina vipande viwili vya mpira vinavyokaa kwenye matundu ya pua. Hii huitwa mito ya pua. Si mito kama Tana na Athi, ni mito kama ya kulalia!

Ukimpa mtu yeyote achague bila kumweleza, nadhani atachagua ile kubwa. Inaonekana kamili: inafunika kila tundu, hewa itatorokea wapi? Mjomba alipoambia hospitali kwamba yeye hulala mdomo wazi, hata hawakujadili, akapewa kubwa. Na kwa macho ya kawaida ni jambo la akili. Anayepumua kwa mdomo si apewe ya mdomo?

Kumbe koo lina hesabu yake. Chukua kioo ujitazame kinywani. Kaakaa laini linaning'inia kama pazia kati ya njia ya pua na njia ya mdomo. Hewa yenye nguvu ikija kwa njia ya pua tu, inashuka nyuma ya pazia hilo na kulisukuma mbele pamoja na ulimi, mbali na ukuta wa nyuma wa koo. Njia inabaki wazi. Lakini hewa ikisukumwa puani na mdomoni kwa wakati mmoja, pazia linasukumwa pande zote mbili, na ile faida ya kulipeleka mbele inapotea. Ile ya mdomoni nayo inaweza kuusukuma ulimi nyuma, kule kule tulikokuwa tunautoa. Watafiti wa Brazil walichapisha mwaka wa 2019 jaribio walilofanya kwa barakoa yenye vyumba viwili, kimoja cha pua na kingine cha mdomo. Waliwalaza wagonjwa, wakapitisha kamera nyembamba puani, kisha wakahamisha hewa kutoka pua kwenda mdomo. Kamera ilionyesha njia ikiwa nyembamba nyuma ya ulimi hewa ilipoingia kwa mdomo, ingawa mashine na nguvu yake havikubadilishwa.

Jambo la pili ni mikanda. Barakoa kubwa hukaa juu ya kidevu, na ili isivuje watu huikaza. Ukikaza mkanda unakirudisha kidevu nyuma, na kidevu kikirudi nyuma kinakwenda na ulimi. Jaribu mwenyewe ukiwa umelala chali: bonyeza kidevu kwa kidole kuelekea kooni uone pumzi inavyokuwa nzito.

La tatu ni kuvuja. Uso si meza, una mabonde. Kadiri mpira unavyozunguka mahali pakubwa ndivyo nafasi za kuvuja zinavyoongezeka: pembeni mwa pua, mashavuni, kidevuni, na kila unapogeuka ubavu mto unaisukuma. Hewa ikivuja inakupiga machoni, inakausha kinywa, na mashine ikijaribu kufidia inasukuma zaidi, nayo inavuja zaidi. Mjomba aliamka na alama nyekundu juu ya pua kana kwamba amepigana.

Tafiti zimekuwa zikionyesha mambo haya kwa idadi. Mwaka wa 2018 watafiti wa Brazil walikusanya matokeo ya tafiti kadhaa zilizolinganisha barakoa ya pua na ile ya pua na mdomo. Wenye barakoa kubwa walihitaji hewa yenye nguvu zaidi kwa wastani wa sentimita moja na nusu za maji. Hata hivyo walibaki na kukatika kwa pumzi kwingi zaidi, karibu mara 3 zaidi kwa saa. Tena waliivaa kwa muda mfupi zaidi, pungufu kwa dakika 48 hivi kila usiku. Hilo la mwisho ndilo ninaloliona zito kuliko yote. Madaktari wengi hutumia kipimo cha saa 4 kwa usiku kama mpaka wa chini wa kusema mtu anatumia mashine yake. Aliyekuwa akivaa saa 4 na nusu, ukimwondolea dakika 48 ameanguka chini ya mpaka. Dawa iliyo chini ya kitanda haimtibu mtu.

Kati ya barakoa ya pua na mito ya pua, matokeo hukaribiana. Hapo mtu anachagua kwa raha yake. Mito haina alama juu ya pua na mwenye miwani anaweza kusoma kitabu huku ameivaa, lakini hewa ikiwa na nguvu nyingi huweza kumwasha ndani ya pua.

Turudi kwa mjomba. Mashine yake huandika yenyewe kila asubuhi: umevaa saa ngapi, hewa imevuja kiasi gani, na pumzi imekatika mara ngapi kwa saa. Kijitabu chake ni cha Kiingereza, basi kazi ya kukisoma ilikuwa yangu, nikawa naandika nambari katika daftari langu kuukuu la Jiografia. Kwa ile barakoa kubwa wastani ulikuwa saa mbili na kitu, na mara 14 kwa saa. Yaani hata katika hizo saa mbili alizovumilia bado alikuwa mgonjwa. Daftari hilo ndilo tulilolipeleka kliniki. Muuguzi aliyelisoma hakuuliza maswali mengi, akamwambia mjomba alale pale kitandani, akampa barakoa ya pua, akawasha mashine.

Mjomba akapinga, "Lakini mimi, sista, mdomo wangu hulala wazi." Jibu alilopewa limenikaa kichwani. Watu wengi hulala mdomo wazi kwa sababu njia ya juu imeziba na mwili unatafuta hewa popote. Njia ikishafunguliwa na mashine, wengi wao hufunga mdomo wenyewe baada ya siku chache. Asiyefunga huongezewa mkanda wa kushika kidevu, na akishindwa kabisa ndipo hurudi kwenye ile kubwa. Kwanza lakini pua yake ilichunguzwa, maana vumbi la barabarani lilikuwa limeifanya kama bomba lenye kutu. Akafundishwa kuiosha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, na akapewa dawa ya kupulizia.

Mambo mengine mawili aliyofundishwa pale hayakuwa kwenye mazungumzo yetu ya nyumbani hata kidogo. Barakoa hupimwa mtu akiwa amelala na mashine ikiwa inapuliza, si akiwa amekaa kitini, kwa sababu uso hubadilika umbo ukilala. Na haikazwi kama mzigo wa kuni. Mpira wake umetengenezwa ujazwe na hewa ndipo uzibe, ukiubana mno unakunjika na kuvuja.

Kuna vitundu vidogo mbele ya barakoa ambavyo mjomba alikuwa amedhani ni kasoro za kiwanda, akataka kuviziba kwa selotepu. La! Hewa chafu tunayoitoa hutokea hapo. Vikizibwa mtu anavuta tena hewa yake mwenyewe.

Kuzoea hakukuja siku moja. Wiki ya kwanza aliivaa jioni akitazama taarifa ya habari, tukimcheka kwamba amekuwa rubani. Masharubu yalileta mgogoro. Yalikuwa yanainua ukingo wa chini wa barakoa na hewa kupita, na mjomba na masharubu yake ni kama Waziri na bendera ya gari. Alikataa kunyoa katakata. Mwishowe akabadilishiwa akapewa mito ya pua, ambayo haijali masharubu. Mwezi uliofuata daftari langu lilionyesha wastani wa saa sita na zaidi, na mara 4 kwa saa. Nguvu ya hewa ilikuwa imeshuka pia. Barua ya daktari ilipatikana baada ya kliniki iliyofuata, naye akarudi barabarani.

Mwalimu wetu wa Bayolojia aliposoma rasimu ya makala hii aliniandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: mtu mmoja si utafiti. Ni kweli, na ndiyo sababu nimeanza na tafiti kabla ya daftari. Tena nisieleweke kwamba barakoa kubwa ni adui. Kuna mtu ambaye pua yake imeziba daima, au ukuta wa ndani ya pua umepinda. Kuna ambaye mdomo haufungi hata kwa mkanda. Hao barakoa kubwa huwafaa. Na aliyeizoea, analala vizuri, na nambari zake ni nzuri, hana haja ya kuibadilisha kwa sababu ya makala ya mtoto wa kidato cha tatu. Kwa upande mwingine, mgonjwa asiyeweza kuivua kwa mikono yake mwenyewe, au aliye katika hatari ya kutapika, barakoa ya kufunika mdomo ni hatari kwake.

Hata vishikizo vina habari. Barakoa nyingine zimefungwa kwa sumaku badala ya vibanio. Mwaka wa 2022 kampuni ya Philips ilitoa onyo kuhusu barakoa zake za namna hiyo, kwa sababu sumaku inaweza kuvuruga vifaa vilivyopandikizwa mwilini, kama kile cha kuongoza mapigo ya moyo. Mwenye kifaa kama hicho, au anayelala kitanda kimoja na mwenye nacho, anapaswa kumwambia daktari kabla ya kuchagua.

Limebaki swali ambalo kila jirani hutuuliza: je, stima ikipotea usiku wa manane? Barakoa ya pua na mdomo ina mlango mdogo unaofunguka wenyewe hewa ya mashine ikikoma, ili mtu apumue hewa ya chumbani. Kwa sababu hiyo haifai kununua iliyotumika bila kuutazama mlango huo kama unafunguka. Barakoa ya pua kwa kawaida haiuhitaji, kwani mdomo uko huru. Mjomba akiwa nyumbani na stima ikatoweka, huamka kwa ule ukimya, anavua mito yake, anageuka alale ubavu kwa kuwa chali koo huziba upesi zaidi, na sisi wa upande wa pili wa ukuta tunajua bila kuwasha taa kwamba mtaa mzima uko gizani.